Browning na Dourados: wenye ardhi wasioshika hela, na wasio na ardhi kabisa

Chukua ramani ya Marekani uangalie juu kabisa huko Montana, pale inapopakana na Kanada, utaona rizavu ya Blackfeet, yaani eneo lililotengewa kabila la wenyeji wa asili la Blackfeet, na mji wake mkuu ni Browning. Ina ekari kama milioni 1.5 na wanaishi humo watu kama elfu 10, yaani ukigawa kwa hesabu ya haraka kila mtu hadi mtoto mchanga anapata ekari 150. Sasa shuka mpaka Brazil, jimbo la Mato Grosso do Sul, ubavuni mwa mji wa Dourados, kuna rizavu ya Wakaiowá, Waguarani na Waterena yenye ekari kama 8,600 tu na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya elfu 13. Hapo mtu hafikishi hata ekari moja.

Halafu ulizia maisha yakoje. Kote kuwili kazi ni za kutafuta kwa tochi, nyumba moja wanabanana familia mbili tatu, watu wanafariki mapema kuliko majirani zao walioko nje ya mpaka wa rizavu, na majirani hao hao ndio wanaofuga ng'ombe na kulima mashamba makubwa kwenye udongo uleule. Kwa hiyo mtu akiona hivyo anakimbilia kusema basi, mmoja ana ardhi tele na mwingine hana na wote maskini, maana yake tatizo sio ardhi, tatizo ni wao wenyewe, ni pombe, ni mila, ni kutopenda kazi. Hii hoja nimeisikia mara nyingi sana na inaniuma kwa sababu ni uongo unaofanana na hesabu. Ardhi ndiyo kisa chenyewe kote kuwili, ila iliondoka kwa njia mbili: Montana watu waliachiwa ardhi wakanyang'anywa uamuzi na mapato yake, Dourados watu walinyang'anywa ardhi yenyewe. Ukichanganya haya mawili, dawa utakayoandika haimponyi yeyote.

Tuanze na Montana maana huko karatasi zipo nyingi na mambo yameshafika mahakamani yakaisha.

Blackfeet walikuwa watu wa nyati. Chakula nyati, hema ngozi ya nyati, biashara nyati. Januari 1870 jeshi la Marekani lilivamia kambi ya chifu Heavy Runner kando ya mto Marias, likaua karibu watu 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee, kambi ambayo tayari ilikuwa na ndui ndani. Miaka kumi na kitu baadaye nyati wakaisha kabisa, na majira ya baridi ya 1883 kuingia 1884 mgao wa chakula wa serikali haukutosha, watu wapatao 600 wakafa kwa njaa. Nataka ukae na hiyo kidogo, kwa sababu mikataba ya kuuza ardhi iliyofuata, ule wa 1888 na ule wa 1895, ilisainiwa na watu waliotoka kuzika. Huo wa 1895 ndio waliouza ukanda wa milima upande wa magharibi kwa dola milioni 1.5, na 1910 upande mkubwa wa ukanda huo ukawa hifadhi ya taifa ya Glacier. Leo inapokea wageni kama milioni 3 kwa mwaka, wengine wanapita katikati ya Browning kwenda kupiga picha, na hela ya getini inaenda kwingine.

Lakini pigo la kiuchumi lililokaa ndani zaidi lilikuja kimyakimya na sheria. Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi za makabila vipande vipande kwa mtu mmoja mmoja, na kwa Blackfeet hiyo ilitekelezwa kwa sheria yao ya 1907, kila mtu akapewa ekari 320. Inasikika vizuri eti? Kila mtu na shamba lake. Shida iko kwenye masharti: ardhi inashikiliwa na serikali kwa amana, mwenye shamba haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani bila kibali, serikali ndiyo inayokodisha malisho, mafuta na mbao, inapokea hela, inaiweka kwenye akaunti yenye jina lako halafu inakutumia hundi ikiona inafaa. Na wale waliotolewa kwenye amana wakapewa hati kamili, wengi walipoteza mashamba kwa kodi na madeni, ndiyo maana mpaka leo ndani ya mpaka wa rizavu kuna ardhi nyingi ya watu wasio Blackfeet.

Sasa angalia kinachotokea shamba likikaa kwenye amana vizazi kadhaa. Tuseme babu alipewa ekari 320 akafa na watoto watano. Shamba halikatwi, linabaki moja lakini lina wenyewe watano. Nao kila mmoja akifa na watoto watano wanakuwa 25, kizazi kinachofuata 125, kinachofuata 625. Tuseme mfugaji wa nje analikodi kwa dola 10 kwa ekari, ni dola 3,200 kwa mwaka, gawanya kwa 625, kila mtu dola 5 na senti kadhaa. Kwa hiyo una karatasi inayosema wewe ni mwenye ardhi, lakini huwezi kujenga hapo bila kuwapata wenzio 624, wengine wako Seattle, wengine Great Falls, wengine walishafariki na mirathi haijafunguliwa. Hesabu hii ni ya mfano ila mtindo ndio huo huo, na vipande vya namna hiyo vimejaa kwenye rizavu nyingi za Marekani. Ukimwambia mtu wa Browning mbona una ekari 150 na huna kitu, jibu lake lipo humo.

Na hapo anaingia Elouise Cobell, ambaye kwangu mimi ndiye moyo wa kisa hiki. Alizaliwa 1945 kwenye rizavu hiyohiyo, kwenye nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, akakua akisikia wazee wanaulizana hundi zao zimeishia wapi. Akasomea uhasibu, akawa mweka hazina wa kabila. Alipoanza kuwauliza maafisa wa serikali mbona hesabu za amana hazilingani, mwenyewe alisimulia kwamba aliambiwa hajui kusoma hesabu. Huyu ni mhasibu jamani.

Browning ilipobaki bila benki miaka ya 80, mji mzima hauna pa kuweka wala kukopa, yeye na wenzake wakafungua Blackfeet National Bank mwaka 1987, benki ya kwanza ya ngazi ya taifa kumilikiwa na kabila na kukaa ndani ya rizavu. Watu huwa wanapita haraka hapa kukimbilia kesi lakini mimi naona hii ya benki ina uzito wake, maana ardhi ya amana huwezi kuiweka rehani kirahisi, kwa hiyo benki za kawaida zinakwepa, kwa hiyo mtu mwenye ng'ombe na nguvu na akili anakosa mtaji, anamkodisha jirani malisho, jirani ndiye anatajirika. Benki ya kwao ilikuwa na watu wanaojua ardhi ya amana ni nini na wako tayari kuhangaika na makaratasi yake.

Juni 1996 akaishtaki serikali kuu, yeye na wenzake wachache kwa niaba ya wenye akaunti zaidi ya laki tatu nchi nzima. Walichodai mwanzoni hakikuwa hata fidia, walidai mahesabu: mlikusanya shilingi ngapi kwa niaba yetu, ziko wapi. Serikali haikuweza kujibu. Nyaraka zilikuwa zimepotea, nyingine zimeharibika, mwaka 1999 jaji Royce Lamberth akawatia mawaziri wawili hatiani kwa kudharau mahakama kwa sababu nyaraka hazikuletwa, na Desemba 2001 wizara ya mambo ya ndani ya Marekani, ile inayosimamia ardhi, ilikatwa kwenye intaneti kwa amri ya mahakama baada ya kuonekana mifumo ya akaunti za watu haina ulinzi. Jaji mwenyewe akaja kuondolewa kwenye kesi 2006 kwa kuonekana amekuwa mkali mno dhidi ya serikali. Kesi ikabadilisha jina kila waziri alipobadilika. Mwishowe Desemba 2009 wakakubaliana dola bilioni 3.4, Obama akasaini Desemba 2010, na Cobell akafariki Oktoba 2011 kabla watu hawajalipwa. Malipo ya kwanza yalianza mwishoni mwa 2012, kundi la kwanza dola 1,000 kwa kichwa.

Dola elfu moja kwa zaidi ya miaka mia ya kukodishiwa ardhi yako! Wapo waliokasirika na nawaelewa kabisa. Lakini sehemu kubwa ya hizo bilioni 3.4, bilioni 1.9 nzima, ilitengwa kwa kazi nyingine: kununua vile vipande vidogo vidogo kwa wenyewe wanaokubali kuuza na kuvirudisha kwa kabila liwe na shamba zima linaloweza kupangwa. Mpango ulikwenda miaka kumi mpaka Novemba 2022. Na kuna mfuko wa masomo hadi dola milioni 60 kwa vijana. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipoguswa ugonjwa wenyewe, ile hundi ya elfu moja iliisha wiki ileile kwenye matairi ya gari na deni la duka, ila shamba likirudi mkono mmoja kabila linaweza kuamua lifanyie nini.

Maji nayo ni hivyohivyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ilijenga mfereji na mabomba makubwa ya chuma kuchukua maji ya mto St. Mary ndani ya rizavu na kuyapeleka mbali mashariki kwa wakulima wa bonde la mto Milk. Haki ya Blackfeet kwenye maji yao ilikuja kuandikwa na Bunge Desemba 2016, wanachama wakapiga kura ya kuikubali Aprili 2017. Juni 2024 yale mabomba yakapasuka karibu na kijiji cha Babb, mafuriko yakashuka kilimani, na ghafla kila mtu Montana akakumbuka maji yanatoka wapi.

Haya, twende Dourados.

Huku hakuna aliyepewa ekari 320. Mwishoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Paraguay, serikali ya Brazil ilikodisha misitu ya eneo hili kwa kampuni moja kubwa iliyovuna yerba mate, majani yanayonywewa kama chai, na Wakaiowá na Waguarani wakawa vibarua kwenye msitu wao wenyewe. Halafu kati ya 1915 na 1928 idara ya serikali ya kulinda wenyeji wa asili, iliyoanzishwa 1910, ikatenga virizavu vinane, cha Dourados ni cha 1917. Wazo lilikuwa liko wazi: kusanya watu, wafundishe kazi za kizungu, nchi nyingine yote ibaki wazi kwa walowezi. Mwaka 1943 rais Getúlio Vargas akaanzisha mradi wa makazi ya wakulima Dourados na wageni wakagawiwa mashamba juu ya ardhi ya wenyeji, na miaka iliyofuata misitu ikakatwa, ikaja mifugo, ikaja soya, ikaja miwa, na kila shamba lilipopanuliwa familia zilizokuwa zinaishi pale zilipakiwa kwenye malori zikamwagwa rizavuni.

Matokeo yake ni kwamba rizavu ile imebeba watu wa makabila matatu na koo nyingi ambazo zamani kila moja ilikuwa na mahali pake, mto wake, mzee wake wa sala. Mahali pa namna hiyo Wakaiowá wanapaita tekoha, na hauwezi kupanga tekoha kumi kwenye kiwanja kimoja ukategemea amani. Ugomvi wa ndani, vurugu, na vifo vya vijana kujiua ambavyo vimekuwa juu mno kwa miongo kadhaa, vyote vimeota hapo kwenye msongamano. Mwaka 2005 nchi nzima ya Brazil ilishtuka kusikia watoto wa Dourados wanakufa kwa utapiamlo, na hii ni wilaya inayojaza malori ya soya na nyama kwenda kuuzwa ng'ambo.

Kipato kinatoka wapi? Zamani ilikuwa kukata miwa, wanaume wanaondoka miezi kwenda mabwenini kwenye viwanda vya sukari, halafu mashine zikaja na kazi hiyo ikapungua sana. Sasa ni viwanda vya nyama, vibarua mjini, kuchuma matufaha majimbo ya kusini, na nyumbani kuna kapu la chakula la serikali, Bolsa Família ambayo ni ruzuku ya serikali kwa familia maskini, na pensheni ya bibi. Hiyo pensheni usiidharau. Brazil inamtambua mwenyeji wa asili kama mkulima wa kijijini, mwanamke akifika 55 na mwanaume 60 analipwa kima cha chini cha mshahara kila mwezi, kuna nyumba ambapo huyo bibi mmoja ndiye anaendesha jiko la watu kumi. Na hata hiyo ardhi kidogo iliyopo, kuna vipande wanavikodisha chini kwa chini kwa wakulima wa soya wa nje ijapokuwa sheria inakataza, kwa sababu mtu hana trekta wala mbegu. Hapo ndipo Dourados na Browning zinashikana mikono kabisa: jirani mwenye mtaji analima, mwenye ardhi anapokea chenji.

Kwenye karatasi sasa, Brazil iko mbele. Katiba ya 1988 kifungu cha 231 kinasema ardhi walizokaa wenyeji tangu jadi ni zao kwa matumizi ya kudumu, umiliki ni wa taifa, hairuhusiwi kuuzwa wala kugawanywa vipande. Yaani ule ugonjwa wa Montana wa wenyewe 625 hauwezi kuanza. Katiba ikatoa na miaka mitano kumaliza kupima ardhi zote, mwisho 1993. Wakaiowá bado wanasubiri. Marçal de Souza, Mguarani aliyesimama mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili huko Manaus mwaka 1980 akaeleza wanavyouawa na kufukuzwa, alipigwa risasi nyumbani kwake Novemba 1983, na watu hawajaacha kuuawa tangu hapo. Mwaka 2007 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliibana taasisi ya wenyeji, Funai, isaini ahadi ya kupima maeneo ya Kaiowá na Guarani, ahadi ikapita tarehe zake zote.

Mfano unaoonyesha kila kitu ni Ñande Ru Marangatu, wilaya ya Antônio João mpakani na Paraguay. Rais Lula aliisaini Machi 2005, zaidi ya hekta 9,300, Julai mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Brazil ikasimamisha, Desemba watu wakatolewa na polisi wakahamia kando ya barabara kwenye maturubai. Kesi ikakaa hivyo miaka 19. Septemba 2024 kijana wa Kiguarani akauawa kwa risasi pale, na siku chache baadaye ndipo mahakamani ukafikiwa mwafaka: wenye mashamba wanalipwa jumla ya reali milioni 146 na serikali kuu pamoja na jimbo, wanaondoka, ardhi inarudi.

Angalia sasa kwa makini hizi hela mbili. Marekani serikali ililipa wenyeji ili vipande vyao virudi kwa kabila, Brazil serikali ililipa wakulima ili waondoke kwenye ardhi ya wenyeji. Zote ni hela za umma zinazofuta kosa la serikali yenyewe, ya kwanza ya kugawa, ya pili ya kuuza isichokuwa chake. Wapo wanaoona aibu mkulima kulipwa, wanasema amekalia mali ya wizi, na kihisia niko nao. Ila wengine walinunua kwa hati halali iliyotolewa na serikali, na kama kumlipa kunaondoa bunduki getini mimi nachukua hiyo leo kuliko haki kamili baada ya mazishi mengine ishirini.

Tofauti ya mwisho ni ya mamlaka, na corona iliionyesha vizuri. Mwaka 2020 baraza la Blackfeet lilifunga njia zote za mashariki za kuingilia hifadhi ya Glacier msimu mzima wa watalii, wakakubali kupoteza mapato ya majira ya joto ili wazee wao wapone, na walipopata chanjo walichanja watu wao kwa kasi hadi Aprili 2021 wakawa wanawachanja Wakanada pale mpakani kwa dozi zilizobaki. Kabila lina katiba yake tangu 1935, lina polisi, lina mahakama, likisema barabara imefungwa imefungwa. Dourados ugonjwa uliingia Mei 2020 kupitia mtu aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha nyama, ukaenea kwenye nyumba zilizobanana, na rizavu haikuwa na mamlaka ya kukiambia kiwanda kisimamishe zamu. Hata maji, Novemba 2024 wakazi walifunga barabara ya MS-156 inayokatiza rizavu wakidai maji ya bomba, wakaletewa polisi wa kutuliza ghasia na risasi za mpira. Ubavuni mwa mji wa watu zaidi ya laki mbili wenye maji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wapi kuna nafuu, nasema Browning, na sababu sio dola, ni kwamba wana mahali pa kufanyia maamuzi hata kama mfuko ni mtupu. Wamerudisha nyati, ndama 87 walitoka Elk Island huko Kanada Aprili 2016 na Juni 2023 wengine wakaachiwa huru chini ya mlima Chief Mountain. Huwezi kufanya hivyo bila eneo. Wanachohitaji wao ni mikopo inayokubali ardhi ya amana, mirathi ifunguliwe haraka, na fedha za kuendelea kuunganisha vipande sasa hivi mpango wa Cobell umeisha. Wakaiowá ukiwapelekea mikopo na mafunzo ya ujasiriamali kwenye nusu ekari unawapotezea muda, wao wanahitaji wapimiwe ardhi kwanza, na kikwazo kikubwa kimekuwa ile hoja kwamba anayedai lazima awe alikuwa amekaa pale Oktoba 5, 1988 siku katiba ilipotangazwa. Mahakama ya Juu iliikataa Septemba 2023, Bunge likaipitisha kama sheria kabla mwaka haujaisha. Kwa watu waliopakiwa malori miaka ya 50 na 60, kuwauliza mlikuwa wapi 1988 ni kuwaadhibu kwa kufukuzwa, na hiyo tarehe ikibaki kwenye sheria hakuna mradi wa maendeleo Dourados utakaofika popote.